Nimekuta daftari la marehemu baba, sasa sijui kicheko chake kilikuwa cha kweli au la

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 27, mtoto wa kwanza kati ya watatu. Mdogo wangu anayenifuata ni wa kiume, ana miaka 22, na kitindamimba wetu, naye wa kiume, ametimiza 7. Baba yetu alifariki dunia miezi kumi na moja iliyopita akiwa na miaka 54. Figo zake zilishindwa kufanya kazi. Kwa miezi 14 tulimpeleka kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, mpaka mwili ukakataa.

Mwezi ujao anatimiza mwaka. Familia imeamua tukutane siku hiyo na ndugu na marafiki tumkumbuke, na mimi nimepewa kazi ya kuandika maneno ya kumkumbuka na kuyasoma. Siku ya mazishi wasifu uliandikwa haraka haraka na baba mdogo. Ulikuwa tarehe tupu: alizaliwa, akasoma, akaajiriwa, akaoa, akaugua. Niliusikiliza nikajiuliza, huyu anayezikwa ni nani?

Kama ungemjua baba yangu! Jioni akirudi, kabla hajavua viatu, anasimama mlangoni na kupaza sauti: "Kitendawili!" Popote ulipo ndani ya nyumba, hata kama unaoga na sabuni iko machoni, lazima uitikie: "Tega!" Anatega, tunahangaika, tukishindwa anadai mji. Tukimpa London, anashukuru kwa heshima zote na kukubali. Kesho yake jioni anatoa taarifa ya safari: alifika London, akakuta watu wa huko wote wanamuuliza kwa nini binti yake mkubwa hajamaliza hesabu zake. Kile cha "popote niendapo ananifuata" tulikuwa tukijibu "kivuli", na yeye anakataa, anasema jibu ni kitindamimba wake.

Si mzaha tu. Mama alipokwenda kujifungua mdogo wangu, nikiwa na miaka 5, baba alinisuka nywele mwenyewe. Mistari ilikwenda kila upande na nililia walipotaka kunifumua. Nilipofanya mtihani wa mwisho wa sekondari alinisindikiza hadi getini kila asubuhi mpaka mtihani ukaisha, na kila asubuhi alikuwa na kitendawili kipya. Hakuwahi kurudia.

Na kicheko chake, Shangazi. Kilianza bila sauti. Mabega yanatikisika kwanza, macho yanafumba, anapiga goti lake makofi mawili, halafu sauti inakuja mwisho kabisa, sisi tukiwa tumeshamaliza kucheka. Basi tunaanza upya.

Wiki tatu zilizopita nilikuwa natafuta picha zake nikafungua sanduku lake la zana. Chini ya nyundo na misumari nilikuta madaftari matatu madogo, yale ya kutia mfuko wa shati, yamefungwa pamoja kwa uzi. Nilidhani ni mahesabu. Yalikuwa vitendawili, na hadithi za miji, na tarehe, na majina yetu. Mbele ya kila jina ameandika kilichotokea. "Mkubwa: alicheka. Wa pili: alicheka kwa sababu dada yake amecheka. Mama yao: alitabasamu, alikuwa amechoka." Pengine: "Hiki hakikuchekesha. Jaribu tena kesho." Nilisoma nikitabasamu na machozi yakinitoka.

Kisha nikafika kwenye kurasa za mwaka nilipokuwa na miaka 9. Humo ndimo nilimojulia kwamba mwaka ule alipoteza kazi. Sisi hatukujua. Kwa miezi minne alitoka nyumbani kila asubuhi amevaa shati la kazi, na kila jioni akarudi na "Kitendawili!" yake. Ukurasa mmoja unasema: "Leo sina nguvu ya kucheka. Nimekaa nje dakika kumi kwanza. Wasijue." Na daftari la mwisho, la wakati wa ugonjwa, maneno "nimechoka" na "wasijue" yamejaa. Mstari wa mwisho kabisa unasema: "Mdogo kanipa Cairo. Lazima niende." Siku nne baadaye alifariki. Hakuwahi kutoa taarifa ya Cairo.

Tangu siku hiyo sijielewi. Naogopa kwamba furaha yote ya utoto wangu ilikuwa igizo la mtu aliyechoka, nasi tulikuwa watazamaji tusiojua. Nikisimama mbele ya watu na kusema baba yangu alikuwa mtu wa furaha, je, nitakuwa nadanganya? Nikiyataja madaftari, je, nitakuwa nimemvua nguo marehemu, wakati yeye mwenyewe ameandika "wasijue"?

Na nyumbani hatuelewani. Mdogo wangu anataka siku hiyo iwe ya vicheko: watu wategwe vitendawili, muziki upigwe. Baba mdogo amesema wazi, "Usimfanye kaka yangu kichekesho mbele za watu." Mama anakwenda kazini, anakula, analala, lakini mdogo wangu akiiga sauti ya baba anainuka na kutoka. Kwangu amesema neno moja tu: "Siku hiyo iwe na heshima." Kitindamimba ananiuliza baba alikuwa anachekaje, kwa sababu anasema anaanza kusahau. Nilijaribu kumjibu nikashindwa. Pia anauliza kama baba alishafika Cairo.

Habari za madaftari sijamwambia mtu yeyote. Nifanyeje, Shangazi?

Binti wa Kwanza

*

Marahaba, binti yangu. Pole kwa kuondokewa na baba, na pole kwa kuwa peke yako wiki tatu nzima na siri iliyo nzito kuliko sanduku lenyewe. Barua yako niliisoma asubuhi, nikaiweka, nikairudia usiku. Sikutaka kukujibu kwa haraka.

Naona umeniletea mambo mawili, nayo yamefungwa kwa uzi mmoja kama yale madaftari. La kwanza ni la siku yenyewe: useme nini, kwa sauti gani, mbele ya watu ambao kila mmoja anataka baba yako akumbukwe kwa namna yake. La pili ni lako peke yako, na nadhani ndilo linalokunyima usingizi: kama furaha iliyokulea ilikuwa ya kweli. Nitaanza na hilo la pili, kwa sababu lisipokaa sawa, hata uandike maneno mazuri namna gani, siku hiyo sauti yako itatetemeka kwa sababu isiyo msiba.

Umeandika "igizo". Hebu tulitazame neno hilo. Mwaka 1983 mwanasosholojia wa Marekani, Arlie Hochschild, aliandika kuhusu wahudumu wa ndege, watu ambao tabasamu ni sehemu ya kazi wanayolipwa. Alitofautisha kuigiza kwa namna mbili. Kuna kuigiza kwa juu juu, uso ukatabasamu na moyo uko kwingine. Na kuna kuigiza kwa ndani, mtu akaufanyia kazi moyo wake mpaka ukahisi kweli kile anachotaka kuhisi. Hakusema kwamba kazi hiyo ni ya bure. Alionyesha kuwa ina gharama kwa anayeifanya. Sasa rudi kwenye zile dakika kumi. Baba yako alikaa nje, peke yake, hana kazi. Mtu anayetaka kuvaa uso tu hahitaji dakika kumi. Anauvaa akiwa anashika kitasa. Unadhani alikuwa akifanya nini pale nje? Mimi sikuwepo, wala siwezi kukuapia. Lakini naona mtu aliyekuwa akiutafuta moyo wake ili aingie nao ndani.

Kisha kuna kicheko chenyewe, ulivyonisimulia. Mabega kwanza, macho yakafumba, sauti ikachelewa. Daktari mmoja wa Ufaransa, Duchenne, aliandika mwaka 1862 kwamba tabasamu la kweli huhusisha msuli unaozunguka jicho, na kwamba msuli huo hauamrishwi kirahisi kama ule wa mdomo. Anayejilazimisha kucheka, nadhani mimi, angetanguliza sauti, kwa sababu sauti ndiyo anayotaka isikike. Ya baba yako ilikuja mwisho, imechelewa, ninyi mmeshamaliza. Na angalia tena alichoandika mbele ya majina. Aliandika nani amecheka, nani ametabasamu, nani hakucheka na ajaribiwe kesho. Hayo ni maandishi ya mtu aliyekuwa akiwatazama ninyi. Kuchoka kwake na kufurahi kwake vilikaa katika kurasa zile zile, na sioni kwa nini kimoja kiwe shahidi wa uongo dhidi ya mwenzake.

Hata hivyo sitaki kuupaka sukari uchovu ule. Ulikuwepo, na aliubeba peke yake. Pengine kinachokuuma si kwamba alichoka, bali kwamba hakukuruhusu umpokee mzigo. Ulipokuwa na miaka 9, sawa, mtoto hapewi mzigo wa kodi na mshahara. Lakini ulipokuwa na miaka 25 na 26 ulikuwa ukimsindikiza kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, unamshika mkono, na bado usiku anaandika "wasijue". Ukijikuta una hasira naye kidogo kwa hilo, usiogope. Unaweza kumkasirikia mtu unayempenda, hata akiwa kaburini, na upendo usipungue kitu.

Tuje kwa Mama. Umesema habari za madaftari hujamwambia mtu, na barua yako yote inakwenda kana kwamba Mama hajui chochote. Una uhakika? Mume anatoka kila asubuhi kwa miezi minne, mshahara hauji, na mke anayeendesha nyumba pamoja naye hajui? Inawezekana, wapo wanaoficha hata hilo. Lakini inawezekana pia kwamba wale waliotakiwa "wasijue" walikuwa ninyi watoto, na kwamba zile dakika kumi kuna mtu mwingine aliyezijua, aliyekuwa ndani akisubiri mlango ufunguke, akatabasamu hata akiwa amechoka, kama ilivyoandikwa. Kama ndivyo, Mama anapotoka chumbani wakati mdogo wako akiiga ile sauti, huenda anamkumbuka mtu ambaye ninyi hamkuwahi kumwona. Ni dhana yangu tu. Wewe unaweza kumuuliza.

Kuhusu kutoka kwake chumbani, nisingelichukua kuwa ni kukataa kicheko daima. Watafiti wawili wa Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, walieleza mwaka 1999 kwamba mfiwa huenda na kurudi: saa hii anaukabili msiba, anautazama usoni, saa nyingine anaupa mgongo na kushughulika na maisha yanayoendelea. Kwenda na kurudi huko ndiko kunakomsaidia astahimili. Taabu ya familia ni kwamba hamwendi na kurudi kwa pamoja. Mdogo wako akiwa anauelekea msiba kwa kicheko, Mama yuko njiani, ameupa mgongo apumzike. Umeniambia anakwenda kazini, anakula, analala; hayo yananipa nafuu. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, limeutaja msiba unaomshika mtu kwa zaidi ya miezi sita, hamu ya marehemu ikawa kali kila siku hadi maisha yakakwama, kuwa ni jambo la kutafutiwa msaada wa kitaalamu. Kwa ulivyonieleza, Mama hayuko hapo. Ukimwona anaelekea huko, au ukijiona wewe mwenyewe, msingoje.

Baba mdogo naye. Nimesikia ukali katika maneno yake, nikasikia na kitu kingine. "Kaka yangu," amesema. Wewe umefiwa na baba. Yeye ameondokewa na mtu aliyemjua kabla hajawa baba wa yeyote. Wasifu ule wa tarehe tupu ulikukera, nami nakiri siupendi wasifu wa namna hiyo, unaomfanya kila marehemu afanane na mwenzake. Ila aliuandika katika siku zile ambazo akili haishiki kitu, na tarehe hushikika. Anachoogopa, nadhani, ni kwamba watu wataondoka wakimkumbuka mchekeshaji na kumsahau mtu. Hofu hiyo si ya kipuuzi. Baba yako akielezwa kwa vitendawili tu, watu watacheka, watafurahi, na yule aliyesimama getini kila asubuhi ya mtihani wako atakuwa hajatajwa. Umewahi kumuuliza baba mdogo kaka yake alikuwaje utotoni? Muulize alijifunzia wapi kutega. Mtu aliyeombwa hadithi mara nyingi hulegea kuliko mtu aliyeombwa ruhusa.

Upande wa mdogo wako nao una uzito wake. Mwaka 1997 wanasaikolojia George Bonanno na Dacher Keltner waliwachunguza watu waliofiwa na wenzi wao, wakiwatazama wanavyozungumza juu ya marehemu miezi michache baada ya msiba. Waliocheka kicheko cha kweli, kile cha macho, walielekea kuwa na dhiki pungufu, na uhusiano wao na watu wengine ulikuwa mzuri zaidi. Sisemi kicheko ni dawa. Huenda aliyeanza kupata nafuu ndiye anayeweza kucheka. Lakini utafiti huo unatosha kutuambia kwamba anayecheka akimkumbuka marehemu hajamkosea heshima wala hajaacha kumlilia. Mdogo wako akiiga ile sauti, naye analia kwa njia anayoiweza. Je, kuna mtu amemwambia hivyo?

Sasa madaftari.

Unaweza kuyarudisha chini ya nyundo na misumari na kunyamaza. Alisema wasijue, nawe umemtii. Kuna heshima katika njia hiyo. Hatari yake ni kwamba wewe umeshajua, na siri uliyoirithi itakaa kati yako na ndugu zako. Siku moja mwingine atafungua sanduku lile, atakuta uzi umefungwa upya, na atajiuliza kwa nini dada alinyamaza. Tena utakuwa unafanya lile lile lililokuumiza: kubeba peke yako ili wengine wasijue.

Unaweza kuyasoma yote mbele ya watu. Huo ungekuwa ukweli mtupu, na huenda kuna baba mmoja pale kwenye viti, amekaa nje dakika kumi jioni iliyopita, ambaye angejisikia hayuko peke yake. Lakini maneno yakishatoka mbele ya watu hayarudi. Mama akisikia "nimechoka" kwa mara ya kwanza pale, macho ya watu yakimtazama, atakuwa amenyang'anywa nafasi ya kuyapokea faraghani. Na baba yako aliyaandika kwa ajili ya mfuko wa shati.

Kuna njia za katikati, nazo hazikosi miiba. Unaweza kuchukua ile orodha ya majina tu, nani alicheka na nani hakucheka, ukaacha mistari ya uchovu. Sidhani kama huo ni uongo. Hakuna wasifu unaobeba mtu mzima, na kuchagua si kudanganya. Ila jiulize kama utaweza kusoma "alicheka" huku ukijua mstari unaofuata, bila sauti kukukatika. Au unaweza kuutaja uchovu bila kuufungua: useme kwamba kuna siku alirudi hana nguvu, na bado akatega. Sentensi moja kama hiyo inaweza kumpa Mama heshima anayoitaka, na baba mdogo akamwona kaka yake ndani yake, na mdogo wako akabaki na kitendawili chake. Inaweza pia isimridhishe yeyote, kwa kuwa kila mmoja atasikia nusu yake tu. Hilo sitakuficha.

Na je, ni lazima maneno yote yawe yako? Umejitwika kazi ya kumsema baba kwa niaba ya watu wanne wasiokubaliana. Pengine baba mdogo angesema ya utotoni, mdogo wako akatega kimoja au viwili, wewe ukasema ya getini na ya nywele, na Mama akachagua kusema au kukaa kimya. Itachukua muda mrefu zaidi, na mtu mmoja anaweza kupotoka au kuvunjika katikati. Lakini hakuna atakayelazimika kumpata baba yenu mzima ndani ya karatasi yako.

Kama ungeniuliza nani ayaone madaftari kabla ya siku hiyo, ningekuuliza nawe: ni nani mwingine ambaye jina lake limo humo na ni mtu mzima? Ni Mama na mdogo wako. "Wasijue" ya kwanza iliandikwa na baba wa mtoto wa miaka 9. Kama zile za wakati wa ugonjwa angeziandika vilevile leo, kwa ajili ya binti wa miaka 27, wewe uliyeishi naye unaweza kukisia kuliko mimi. Ukiamua kumpa Mama, usimpe kama mtu anayefichua. Mwambie umekuta maandishi ya baba, mengine yanachekesha, mengine ni mazito, yako wapi, na kwamba yanaweza kumngoja hata mwaka mwingine. Aamue mwenyewe afungue lini, na kama atataka uwe naye au la. Anaweza kukasirika kwamba umesoma wewe kwanza. Anaweza kukwambia "najua" na kuendelea na kazi yake. Jiandae kwa yote mawili.

Nimebakisha kitindamimba, na kwake nitakuwa wazi zaidi, kwa sababu yeye hawezi kungoja kama watu wazima. Anapouliza kama baba alishafika Cairo, inakuvuta umpe jibu tamu: ndiyo, yuko huko, anapumzika. Nakusihi ufikiri mara mbili. Wanaofanya kazi na watoto waliofiwa hushauri kutowaambia kwamba marehemu amesafiri au amelala, kwa sababu mtoto hungoja msafiri arudi, na wengine huanza kuogopa kulala. Watoto wengi wanapokuwa na miaka 5 hadi 7 huanza kuelewa kwamba kufa hakuna kurudi, lakini uelewa huo bado ni mchanga, na fumbo linaweza kuuvuruga. Na nyinyi bahati mbaya mna mchezo wenye safari ndani yake. Unaweza kuvitenganisha kwa maneno mepesi: baba hakwenda Cairo, baba alikufa kwa sababu figo zake ziliacha kufanya kazi. Cairo ulikuwa mji uliompa katika mchezo wenu, aliukubali, aliuandika katika daftari lake ili asisahau, na hakupata muda wa kukuletea taarifa. Akilia, mwache alie. Akiuliza kama anaweza kutunga taarifa hiyo mwenyewe, utaona wewe.

Ile hofu yake ya kusahau ni ya kweli, maana umri wake ni mdogo na mengi yatafifia. Lakini mtoto hakumbuki peke yake, hukumbuka pamoja na wanaomsimulia. Huko Marekani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Emory, Robyn Fivush na Marshall Duke, waliwauliza watoto maswali 20 kuhusu familia zao, mambo ambayo wasingeweza kuyajua bila kusimuliwa: wazazi walikutana vipi, babu na bibi walikulia wapi, ndugu gani alipata mkasa gani. Waliojua mengi walielekea kujithamini zaidi. Na masimulizi waliyoona yana nguvu hayakuwa ya familia isiyoanguka kamwe. Yalikuwa ya familia iliyopanda, ikashuka, ikaendelea kushikana. Ipo siku, akiwa mkubwa, mdogo wako huyo atastahili kusikia habari za zile dakika kumi. Siyo mwaka huu, nadhani. Ila usizitupe.

Na kuna kitu nimekishika tangu niisome barua yako mara ya kwanza. Umesema kitindamimba alikuuliza baba alikuwa anachekaje, ukajaribu, ukashindwa. Kisha ukaniandikia mimi, mtu usiyemjua: mabega, macho, makofi mawili kwenye goti, sauti ikaja mwisho. Nilimwona. Nilikuwa peke yangu mezani na nilimwona mtu ambaye sijapata kukutana naye. Sentensi zile tatu unazo tayari. Mkae na mdogo wako jioni moja, umwonyeshe kwa mabega yako, yeye ajaribu kwa yake. Huenda Mama atatoka chumbani. Huenda safari hii atasimama mlangoni.

Niandikie tena siku ikipita. Nami ningependa kujua baba mdogo amesema kaka yake alijifunzia wapi kutega.

Shangazi